Sampuli ya Silibwet

Mimi nisilaumiwe. Niliandika nilichoambiwa niandike. Kama kuna makosa ya chapa, hayo ni yangu. Mengine yote wagawane wenyewe.

Naitwa Dolphine Akello, Mama Kepher kwa majirani, karani katika kiwanda kimoja cha majani chai karibu na Merigi. Kwa sababu najua kompyuta, akina mama wa Silibwet wenye kikundi cha mursik, yale maziwa ya kuchachushwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa, walinifanya katibu wao. Kwetu ni kando ya ziwa, lakini huku nimekaa miaka kumi na moja, na miaka hiyo yote Kogo Chepkorir, bibi mzee aliye mwenyekiti wetu, hajawahi kuniacha niondoke kwake bila kikombe. Mursik yake ni nyeupe, laini, yenye harufu kidogo tu ya mkaa. Nilikuwa najisifu kwa dada zangu kwamba siku hizi nakunywa kama mwenyeji.

Shida ilianza na pakiti. Kampuni fulani ya mbali ilianza kuuza maziwa yameandikwa MURSIK kwa herufi kubwa, na hayajawahi kuona kibuyu. Kogo aliikuta dukani, akaigeuzageuza, akairudisha.

"Haya ni matusi," akasema.

Alitaka jambo moja tu: kitu ambacho hakikutoka kwa kibuyu kisiitwe jina hilo. Hiyo ndiyo kazi ambayo mama yake alimwachia, na ndiyo anayouza sokoni mpaka leo.

Kumbe majina ya vyakula yana mkutano wake, huko Geneva. Nchi za Ulaya zimelinda jibini na mvinyo wao miaka mingi, hakuna anayegusa. Serikali yetu nayo ikataka chake kimoja. Bwana Omwenga akaja kutoka Nairobi na faili, akatueleza kwamba jina likisajiliwa, kila nchi iliyotia sahihi italiheshimu. Lakini mkutano hauelewi maneno kama "vile mama alinifundisha." Unataka kipimo: rangi, uchachu, siku ngapi. Kwa hivyo mtaalamu angekuja kuchukua sampuli.

Akaja, mama Mzungu mpole mwenye buti safi. Kogo alimpanguzia kiti kwa leso yake, akatoa kibuyu, akakitikisa, akamimina. Mgeni akanywa, akafumba macho, akasema, "Tamu sana." Kisha akajaza chupa tatu, akazibandika nambari. Cheptoo, mke wa mtoto wa Kogo, alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno, akaufunga tena. Niliona. Nikaandika "sampuli tatu" nikaendelea na shughuli zangu.

Miezi minane baadaye Bwana Omwenga alipiga simu akishangilia. Jina limepita! Nchi mbili zilikuwa zimelalamikia mkaa, akasema, zikabembelezwa, na sisi tukakubali usizidi ule wa kwenye sampuli.

"Sisi nani?" nikauliza.

"Ujumbe wetu."

Haya basi.

Wakaguzi wakaja sokoni Silibwet, wakapima mursik ambayo Kogo huuza. Barua ilikuja kwangu kwa sababu anwani ya kikundi ni yangu. Nilienda kumsomea nyumbani wakati wa chakula cha mchana, kabla ya mvua ya saa nane. Maziwa yake yamezidi ukijivu, yamezidi uchachu, yamezidi siku. Hayatambuliwi kuwa mursik. Asiandike jina hilo kwenye chupa wala kwenye kibao. Chini kabisa walitaja wauzaji waliotimiza masharti, na ile kampuni ya pakiti ilikuwa ya kwanza.

"Soma tena," Kogo akasema.

Nikasoma tena. Hasira ilinipanda.

"Si walipima yako mwenyewe, Kogo? Si nilikuwa hapa hapa? Sasa umebadilisha nini?"

Aliangalia mikono yake. Cheptoo ndiye aliyejibu, amesimama mlangoni.

"Ile ilikuwa ya mgeni."

Kwao, akaeleza, mtu ambaye hajazoea hapewi iliyokomaa. Ikimsumbua tumbo, ni aibu ya nyumba. Anawekewa kibuyu chake kando, kinapakwa mkaa kidogo, kinakaa siku tatu. Ya wenyewe inakaa wiki mbili, hata tatu, na ndiyo hiyo watu wa Silibwet hununua.

"Ametoka huko kote," Kogo akasema polepole. "Nimpe ile kali aharishe kwangu? Ai, Mama Kepher, wewe ungeweza?"

Nilitaka kucheka. Halafu nikakumbuka ile nyeupe, laini, yenye harufu kidogo tu. Miaka kumi na moja.

"Kogo," nikasema, "na mimi?"

Cheptoo aligeuka akaangalia ng'ombe. Iliniuma, sitaficha, na iliniuma zaidi kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amenikosea.

"Nipe ile ingine," nikasema.

Alisita kidogo. Akaingia ndani, akarudi na kibuyu cheusi kilichozeeka, akanimiminia kikombe mpaka juu. Ilikuwa ya kijivu, na chembe za mkaa zikielea. Ilikuwa kali mpaka machozi yakanitoka. Nilimaliza yote, nikajipangusa mdomo.

"Sasa hii ndiyo inaitwa aje?" nikamuuliza.

Kogo alichukua kikombe, akachungulia ndani kama kumebaki.

"Mimi sijui tena," akasema. "Angalia kwa hiyo barua yako."