Mahali pa Kulala Kibet

Marion alikileta kile kitu Ijumaa jioni, kimefungwa kwa nailoni, akakitua juu ya kochi kwa adabu zote kama keki ya harusi.

"Madam Emma, hebu ona maajabu," akasema. "Inaitwa sleep pod. Watoto wa majuu hawalali kwingine."

Kilikuwa kiota cha kitambaa cheupe, kimezungushiwa ukingo mnene uliojaa pamba, na katikati pana nafasi ya mtoto mchanga. Basi. Marion alifundisha shule moja na Emmaculate pale Kimumu, Eldoret, na akitoka darasani anauza nguo za watoto. Alieleza kwamba kiota kinawekwa kitandani kati ya baba na mama, mtoto anakuwa na kanyumba kake. "Kaa nacho hadi Jumatatu. Ukikipenda tutaongea, usipokipenda nirudishie. Mimi na wewe hatuwezi kukosana kwa pamba."

Emmaculate Aketch aliupapasa ule ukingo, na Marion hata hajamaliza chai, moyo wake ulikuwa umeshanunua. Tena si kwa sababu ya ulaini. Alikuwa akitafuta kitu cha kumsemea. Kulikuwa na neno moja alilopaswa kumwambia mama mkwe wake, na alipojaribu kulitoa lilirudi kooni likakaa. Neno lenyewe lilikuwa fupi: Mama, huyu hatalala na wewe.

Kiota kingelisema kwa niaba yake. Mtu akiona mtoto ana kitanda chake, tena katikati ya wazazi wake, ataombaje kulala naye?

Ni hivi. Miaka mitatu iliyopita, Emmaculate na mumewe Kimeli walikwenda Krismasi kwa kina Kimeli, Timboroa, na binti yao wa kwanza, Cherono, ambaye alikuwa ndio kwanza ameanza kucheka. Timboroa, kama hujawahi kulala huko, ina baridi ya kukukumbusha dhambi zako. Mama Rael, mamake Kimeli, mkulima wa viazi, alimwona mkaza mwana wake amechoka, macho mekundu kwa kukesha. "Mwalimu, lala," akamwambia. "Mtoto nitalala na yeye." Akamvika Cherono sweta juu ya sweta, akamfunga shali ya sufu, akamwingiza ubavuni pake chini ya blanketi zito. Hakufanya lolote ambalo nyanya wengine wa nyanda zile hawafanyi. Huko, nyanya asiyelala na mjukuu wake ndiye anayeulizwa ana roho ya namna gani.

Asubuhi Cherono hakuamka.

Daktari alisema sababu haijulikani, kwamba mtoto mchanga anaweza kuacha kupumua usingizini, hivyo tu. Pasta akasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, watu wakaitikia amina, wakala, wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza kitu. Kimeli hakumuuliza mamake, Emmaculate hakumuuliza mama mkwe wake, na Mama Rael hakujiuliza mbele ya mtu. Kimya kile wakakiita heshima! Wahenga walishasema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawa kilio kilikwisha kupita na bado wakaendelea kuficha.

Tangu siku hiyo Mama Rael hakukanyaga Kimumu. Alituma viazi, alituma maziwa ya mursik kwenye kibuyu, na kila alipoalikwa alisingizia magoti. Lakini Kibet, mtoto wao wa pili, alipozaliwa hakuwa na njia ya kukwepa. Jina la ukoo huitwa na mama mzee wa upande wa baba. Anataja majina ya waliotangulia, mmoja mmoja, mpaka mtoto apige chafya. Kazi hiyo haifanywi kwa simu. Akaja, na kama ilivyo desturi, akasema atakaa mpaka shingo ya mtoto ikaze.

Mchana alikuwa mtu wa maana sana. Alipika uji, alifua nepi, alimwimbia Kibet nyimbo za Kinandi huku akimpakata. Ila jua likianza kuinama anabadilika. Anamrudisha mtoto mikononi mwa mamake, anasema kichwa kinamuuma, anaingia chumba cha wageni na kufunga mlango.

"Amenuna," Emmaculate alimwambia Kimeli. "Anangoja apewe mtoto alale naye, na mimi simpi, kwa hiyo amenuna." Na kila jioni alipousikia ule mlango ukifungwa, aibu ilimpanda. Kwao, upande wa ziwa, hakulelewa kumnyima mama mkwe kitu. Humtazami machoni ukamkatalia.

"Si umwambie wewe? Ni mama yako."

Kimeli, ambaye dukani kwake anaweza kubishana na wakulima kumi juu ya dawa ya kupe bila kuchoka, alianza kuikagua simu yake. "Nimwambie nini? Kwamba aliua mtoto wetu?"

"Nani amesema aliua?"

"Atasikia hivyo. Emma, nunua hicho kiota tumalize hii maneno."

Mwanamume mzima! Emmaculate alitamani kumtupia kibuyu. Lakini angemlaumu vipi, na yeye mwenyewe alikuwa amejificha nyuma ya pamba ileile?

Jumamosi asubuhi Mama Rael alikikuta kiota pale kochini. Akakiinua, akakigeuza huku na huku.

"Hii ni kitanda ya paka?"

Emmaculate alicheka, kicheko cha kweli, akasahau kidogo. "Ni ya mtoto, Mama. Kibet atakuwa analala ndani yake. Huko kwetu, chumbani."

Mama Rael aliacha kukigeuza. Aliubonyeza ukingo kwa kidole gumba kilichopasuka kwa udongo, akatazama unavyozama na kurudi.

"Nunua," akasema. "Nunua hiyo kitu, mwalimu." Kisha akatoka nje kuanua nepi ambazo hazijakauka.

Basi nimemuumiza, Emmaculate alijiambia. Ameelewa, na nimemuumiza. Alihisi vibaya siku nzima, na chini ya kule kuhisi vibaya palikuwa na nafuu, na ile nafuu ikamtia aibu zaidi. Jumapili kanisani walikaa benchi moja wakipokezana mtoto, na ungewaona ungesema familia yenye amani ndiyo hii.

Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki. Emmaculate alipanga akitoka kwenye chanjo ampigie Marion amwambie kiota kimebaki. Mama Rael alimsindikiza, amebeba mfuko wa nguo za mtoto. Wakakaa kwenye benchi na kina mama wengine, na kabla ya kupima uzito, nesi Wabuge akasimama mbele yao. Huyu alikuwa Mbukusu mnene mwenye sauti ya kuendesha harambee, na kina mama walimpenda kwa sababu hakuwafokea.

"Leo tunaongea juu ya kulala," akasema. "Si nyinyi. Nyinyi hamtalala mpaka huyu aende shule."

Wakacheka. Emmaculate akainua mkono kama mmoja wa wanafunzi wake. Alitaka tu kusikia ndiyo. Akaeleza kiota, ukingo wake, kinavyowekwa kitandani katikati.

Wabuge alikuna kidevu. "Kile cha pamba pembeni? Mchana, mtoto yuko macho na wewe unamwangalia, hakuna shida. Lakini umlaze humo na wewe usinzie? Hapana, mama. Akigeuza uso kwenye ule ulaini pua inaziba, na hana nguvu ya kujitoa. Rudisha." Kisha akawageukia wote. "Mtoto alale chali. Godoro gumu, sawasawa, bila mto, bila blanketi zito, bila kofia na sweta tatu. Awe chumba kimoja na wewe, lakini mahali pake peke yake. Asilale kitanda kimoja na mtu mzima. Awe mama, awe baba, awe nyanya. Mtu akilala, amelala. Hajui mkono wake uko wapi."

"Na hii baridi ya Eldoret?" mama mmoja akateta.

"Sisi tulilala na watoto wetu wote," akadakia mwanamke mzee mwenye kilemba, aliyemleta bintiye. "Tisa!"

"Na wote wako hai, Mama?" Wabuge aliuliza, tena kwa upole.

Yule mwanamke alimchukua mjukuu kutoka kwa bintiye, akampakata. Hakuna aliyecheka.

Emmaculate hakuthubutu kugeuka. Alipopata nguvu ya kutazama kando, aliona mfuko wa nguo za mtoto umekaa peke yake kwenye benchi.

Alimkuta Mama Rael nyuma ya kliniki, karibu na tangi la maji, ameketi juu ya jiwe, leso ameivuta mpaka kwenye nyusi. Hakuwa akilia. Alikuwa akitazama viganja vyake.

"Mama, twende. Watatuita kupima."

"Mama Cherono," akasema Mama Rael.

Tangu mazishi hakuna mtu aliyemwita Emmaculate hivyo. Shuleni alikuwa Madam, nyumbani Emma, kwa mama mkwe mwalimu, na tangu Kibet azaliwe majirani walishaanza kumwita Mama Kibet, kwa haraka, kama watu wanaofunika shimo.

"Mama Cherono, ni mimi?"

Jibu la adabu lilikuwa tayari, tamu, limekaa kwenye ncha ya ulimi: Hapana Mama, ni Mungu. Lingewarudisha nyumbani salama. Lingewarudisha kwenye kile kimya pia, na kiota sasa hakipo cha kumsemea. Emmaculate alimtazama Kibet, aliyekuwa akinyonya ngumi yake bila habari na mtu.

"Sijui, Mama," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Daktari hakujua. Mimi sijui, na wewe hujui. Nimejiuliza kila siku na sitajua mpaka nife. Na si wewe tu ninayemuuliza. Mimi ndiye niliyekupa." Akavuta pumzi. "Lakini Kibet hatalala na wewe. Hata siku moja. Hata nikiwa mgonjwa, hata nikiwa nimekufa usingizi. Umenisikia?"

Lilitoka kali kuliko alivyokusudia, kwa mtu aliyemzaa mume wake. Alisimama akingoja Mama Rael ainuke, achukue njia ya stendi, arudi Timboroa na asirudi tena.

Mama Rael alitoa pumzi ndefu, mabega yakashuka.

"Asante," akasema. "Asante, mtoto yangu." Ndipo machozi yakamtoka, na hakuyafuta. "Nilikuwa naogopa. Kila jioni naogopa. Wewe ni mtu ya heshima sana. Nilijua siku moja utaniletea mtoto, uniambie, Mama lala na yeye, ndio nisione vibaya. Sasa mimi nitakataa aje? Nikikataa, ni kama nimesema ndio, ule mwingine ni mimi nilimaliza. Kichwa haikuwa inauma. Nilikuwa nafunga mlango ndio usilete."

Emmaculate aliketi chini palepale kwenye nyasi, na gauni lake zuri la kliniki, mtoto mapajani. Akalia kwa sauti, kilio cha kwao, kile alichokibana Timboroa kwa sababu alikuwa ugenini. Mama Rael akamshika bega. Watu waliopita walidhani wamepata habari mbaya kutoka kwa daktari, wakapunguza hatua kwa heshima.

Walipotulia, Emmaculate alimpigia Marion akamwambia aje achukue kiota chake. Kisha akampigia Kimeli, na kabla Kimeli hajaanza kutafuta visingizio, Mama Rael aliichukua simu. Akamwambia kwa Kinandi, na mara ya pili kwa Kiswahili ili mkaza mwana asikie, kwamba aende kwa fundi kule Munyaka atengenezewe kitanda cha mbao, kidogo, godoro gumu, na kiwekwe chumbani kwao upande wa mama. "Na usinunue blanketi," akasema. "Blanketi tumenunua ya kutosha."

Ndani, Wabuge alikuwa akiita jina la Kibet. Hawakuinuka upesi. Kulikuwa na jambo moja lililokuwa likimla Emmaculate tangu Mama Rael ataje mlango, na aliona heri alitoe sasa, kabla heshima haijamrudia.

"Alhamisi nilikuja, Mama," akasema. "Jioni. Niliona aibu. Nilikuja kukupa mtoto, nikafika mpaka mlangoni kwako, nikainua mkono nibishe, halafu nikarudi."

"Nilisikia miguu yako."

"Kama ningebisha, ungefungua?"

Mama Rael alimtazama Kibet, akainama akamfuta mate kwa ncha ya leso.

"Ningefungua," akasema.