Maganda ya Toleo la Nne

Auma aliandika herufi tatu tu, na kihariri, ile programu anayoandikia kodi, kikammalizia neno lote: pima_mvua. Kikamweleza hata amri hiyo inapokea nini na inarudisha nini. Alipoiendesha, kompyuta ikajibu kwamba haijui amri yenye jina hilo. Auma, ambaye hutengeneza programu za kutahadharisha watu wa Kisumu kuhusu mafuriko, akaipiga picha skrini na kuituma Kigali kwa Nasimiyu. "Dada, hii kitu ipo ama haipo?"

Nasimiyu akalisoma jina hilo mara mbili. Kazi yake ya kujitolea ilikuwa kutunza maganda: faili zenye majina ya amri bila utumbo wowote ndani, ili kihariri kijue namna ya kumsaidia mwandishi. Kiendelezi chenyewe, kile kinachoiwezesha lugha ya kompyuta kusoma picha za mawingu, kilikuwa cha Bayingana. Desturi yao ilijulikana: mtoto azaliwe kwanza, ndipo apewe jina. Safari hii jina lilitangulia. Bayingana alisema toleo la nne limekamilika, limebaki kupigwa pasi tu, akampa orodha ya amri zake, na Nasimiyu akaandika maganda na kuyaachia yatumiwe na watu. Ahadi ni deni, husema watu, na watu husema mengi.

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, barabara zilipofunguliwa tena, akaenda Kabuga, pembezoni mwa jiji. Uwera, mke wa Bayingana, alikuwa akifungua duka lao la rangi na misumari.

"Iko nyuma, ananawa udongo," alisema, kisha akashusha sauti. "Usimugombeze. Tangu mwaka jana hiyo kompyuta anaifungua, anaiangaria tu, anaifunga."

Hasira aliyokuja nayo Nasimiyu ikamwishia palepale. Kilichobaki kilikuwa woga, na woga ulikuwa mbaya zaidi.

Bayingana akatokea na buti zenye matope. Alikulia Karagwe, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. "Karibu, dada. Nilijua utakuja."

"Kaka, toleo liko wapi?"

Akakaa juu ya mfuko wa saruji. "Halipo. Sikuandika hata mstari."

"Lakini maganda uliyapitia mwenyewe, ukayaidhinisha!"

"Niliyapitia. Yalikuwa mazuri sana." Akajifuta mikono ambayo ilikuwa imekwisha kukauka. "Kila asubuhi nafungua, naandika herufi mbili, jina linatokea pamoja na maelezo yako. Nikawa najiona kama kazi nimeshaifanya. Kichwa kimekauka, dada. Nimekwenda hospitali, nameza dawa, sasa angalau nalala. Ila ile kazi imekwenda, na haitarudi."

Nasimiyu alitaka kusema ataiandika yeye. Hakuweza. Miaka yote hiyo alikuwa akijua kila mlango wa kiendelezi kile, ukubwa wake na ufunguo wake, na hakuwahi kuingia ndani hata mara moja. Aliona aibu, kisha akaona huzuni, na huzuni ikashinda.

"Hakuna mtu mwingine wa kuiandika?"

"Wanakuja, wanasifu. Wakichungulia ndani wanakimbia."

Nasimiyu akaiweka kompyuta yake kwenye kaunta, kati ya makopo ya rangi, akafungua ukurasa wa kuyaondoa maganda ya toleo la nne.

"Yaache hadi jioni," Bayingana alisema.

"Kaka, kuna watu wanajenga juu yake."

"Najua. Hadi jioni tu."

Kuyaondoa kulihitaji idhini ya watunzaji wote wawili, kwa hiyo Nasimiyu alibonyeza upande wake, akamgeuzia skrini na kungoja. Mteja aliingia akitaka brashi, Uwera akamhudumia kwa sauti ya chini kana kwamba ndani kuna mgonjwa.

"Yakiondoka, kihariri changu nacho kitanyamaza?" Bayingana aliuliza.

"Ndiyo."

Bayingana akabonyeza. Skrini ikabadilika rangi kidogo, basi. Akaisukuma kompyuta kwa Nasimiyu.

"Na ya zamani, ya toleo la tatu, utaendelea kuyatunza?"

"Nitayatunza," Nasimiyu alisema. Wote wawili walijua kwamba kiendelezi kisichobadilika tena hakina maganda ya kutunzwa.

"Asante sana, dada," alisema Bayingana, na alimaanisha. "Usiyaache."