Mweupe wa Kabatini

Mzee Nati, fundi wa vyerehani, hakuwa mtu wa kusikiliza mlangoni. Mchana ule alirudi nyumbani kuchukua bisibisi tu, basi. Lakini macho hayana pazia, na masikio nayo hayana mlango. Mkewe, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, mwanamke ambaye hata madaktari humpisha njia, alikuwa chumbani akiongea na simu.

"Dada, yule mweupe nimempata," alisema kwa sauti ya msichana wa miaka kumi na sita. "Kifua, we acha tu. Nimemficha kabatini. Baba watoto hana habari."

Mzee Nati akajitazama kifuani. Yeye ni mweusi ti, na kifua chake kilishahamia tumboni siku nyingi. Akatoka kimyakimya, bisibisi kaisahau. Kumbe ndiyo maana mama watoto siku hizi anaimba bafuni! Mwezi mzima mwenzenu alizifurahia nyimbo zile, akidhani anaimbiwa yeye. Ilimuuma sana. Alimpenda mkewe, miaka ishirini na sita sasa, na hakujua angeishije bila yeye.

Alimvizia mpaka alipokwenda kwenye kikao cha wauguzi, kisha akaingia chumbani na kusimama mbele ya kabati.

"Toka," akaamuru, kwa sauti ya kiume aliyoiazima sijui wapi.

Hakutoka mtu. Akafungua. Nyuma ya sare za kazi walikuwa wamejipanga roboti kumi na wawili wa kuchezea, wale wanaogeuka magari. Mbele yao alisimama mweupe, kimo cha kiganja, kifua mbele.

Mzee Nati alicheka hadi akakaa sakafuni mwenyewe. Kisha akasema amshike kidogo tu. Akamkunja goti, akamzungusha bega, kichwa kikazama kifuani, na mara mkononi ana gari la wagonjwa. Lo! Maisha yake yote alikuwa akifungua mashine ili watu wakashone. Hajawahi kufungua kitu kwa raha tu. Akamgeuza tena, na tena. Akaliendesha gari kuzunguka miguu ya kitanda, king'ora akikipiga kwa mdomo, wala hakusikia mtu akiingia.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani.

"Nilidhani una mwanamume humu," Mzee Nati akakiri. "Nilikusikia kwenye simu. Mke wangu, niliogopa."

Mkewe hakucheka. "Kaka zangu walikuwa na mmoja," akasema polepole. "Mimi nikiambiwa mtoto wa kike ataharibu, nitazame kutoka mlangoni. Nikakua, nikazaa, nikalea. Mwaka huu nikasema, na mimi nipate wangu. Ila niliona aibu kukuambia. Mtu mzima, na cheo changu."

Mzee Nati si mtu wa maneno matamu. Alisogea, akapigapiga sakafu kando yake.

"Sasa mlangoni unafanya nini? Njoo ukae."

Mkoba ukatupwa kitandani. Muuguzi mkuu akapiga magoti na sare yake ya kazi, akampokonya mumewe gari la wagonjwa.

"Zamu yangu," akasema.