Milisekunde Mia na Themanini

Alhamisi ile asubuhi nilikuwa nafagia changarawe mlangoni. Kila Machi mji wetu wa Oulu, huku kaskazini, uko hivyo: barafu inaondoka barabarani, zile changarawe walizomwaga tusiteleze zinabaki, halafu zote zinahamia kwetu na viatu vya mama. Nilikuwa na ufagio mkono mmoja na simu mkono mwingine, maana tangu Jumatatu nilikuwa nasubiri barua.

Barua ikaingia. Fupi, kama zake zote: "Nimekipokea. Asante, Veijo."

Nikasoma tena. Mimi siitwi Veijo. Naitwa Saimi Kropsu. Veijo ni mjomba wangu.

Aliyeandika barua ni Maureen Teskey wa Ottawa. Sijawahi kumwona hata picha, lakini yeye ndo msimamizi wa kile kipande cha mfumo endeshi kinachohusika na kuwasha vifaa vidogo. Mfumo wenyewe hauuzwi. Unajengwa na watu wa kila mahali wanaotumiana barua pepe kwenye orodha moja ya wazi. Ukiwa na rekebisho, linaitwa kiraka, unalituma pale, watu elfu nne wanalisoma, wanalichambua kama samaki mwenye miiba, na likiwa zuri msimamizi analipokea. Likishaingia limeingia. Jina lililo juu yake halibadilishwi tena.

Na kiraka kile kilikuwa changu.

Mwaka juzi kampuni aliyokuwa anafanya kazi mjomba ilifungwa. Alirudi na boksi moja: kikombe, soksi za sufu, na vibao vitatu vya saketi vya kuendeshea joto kwenye zile nyumba za mapumziko msituni. Unakuwa bado uko mjini, unakiambia kwa simu kiwashe joto, ukifika nyumba ishapata moto. Novemba iliyopita akanipa kimoja.

"Chukua, mpwa wangu. Waifai yake mbovu. Siku nyingine inaamka, siku nyingine haiamki. Kama mimi."

Nilikaa nacho miezi minne. Chipu ya waifai haiwashwi kama taa, ina utaratibu wake. Kwanza umeme. Halafu mapigo, yanayotoka kwenye kifuwele kidogo, huo ndo moyo wake. Halafu unasubiri moyo utulie. Mwisho kabisa unauachia waya unaoizuia, na chipu inaanza kazi. Ukiuachia mapema inaamka imechanganyikiwa, na mfumo unasema hapa hakuna waifai. Utaratibu huo lazima mtu auandike kwenye faili linaloeleza kifaa, hatua kwa hatua, kwa sababu mfumo hauna macho, unafuata ulichoandikiwa. Faili la kibao chetu lilikuwa linasema: subiri milisekunde kumi. Ndani ya nyumba, milisekunde kumi zinatosha kabisa. Lakini nani anawasha joto kwenye nyumba ambayo tayari ina joto?

Hilo hakuna aliyelifikiria. Wote walipima mezani. Mimi Januari nilikiweka kibao roshani, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri, waya zikipita chini ya mlango, na kile kipimo cha mawimbi nilichoazima maabara ya fizikia ya shule kikiwa kwenye zulia. Mama alipiga kelele wiki nzima. "Saimi, unapasha joto mji mzima wa Oulu au?" Nilipima mara thelathini. Kwenye baridi kile kifuwele kinajivuta, mara mbaya zaidi kilichukua milisekunde mia na sitini. Nikaongeza ishirini. Juu ya mstari nikaandika maelezo: imepimwa kwenye baridi, roshani, Oulu, na digrii zenyewe.

Kukituma ndo kulinishinda. Mimi darasani hata nikijua jibu sinyanyui mkono, nasubiri mwalimu aseme halafu najisemea nilijua. Watu elfu nne! Nikamwomba mjomba anitumie yeye, zamani alikuwa anaandika sana kwenye ile orodha, wanamjua. Kutuma kiraka cha mtu mwingine si vibaya, watu wanafanya kila siku. Ila kuna desturi: mstari wa kwanza kabisa wa barua unasema kiraka kimetoka kwa nani. Ukiutoa ule mstari, mashine inachukua jina la aliyetuma. Mstari niliuandika mwenyewe. Nikauangalia mara tano.

"Kesho kinaenda," mjomba akaniambia. "Kazi safi hii, we binti. Safi sana."

Nilikuwa nakihitaji, si kwa sifa tu. Maabara ya chuo kikuu inachukua wanafunzi wawili wa sekondari kila kiangazi. Wawili tu, mji mzima. Kwenye fomu kuna kisanduku kimoja wanachokiangalia, kila mtu anasema hivyo: weka kiungo cha kazi yako iliyokubaliwa na wengine. Fomu ilikuwa inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Yaani kesho yake.

Nikaegemeza ufagio ukutani, nikafungua barua ya mjomba kwenye orodha, ambayo tangu Jumatatu niliogopa kuifungua. Mstari wa kwanza haupo. Maelezo ya roshani hayapo. Kila kitu kingine kipo, mpaka nafasi zangu, mpaka nukta.

Siku nzima shuleni sikumbuki kilichofundishwa. Mchana tulikula supu ya njegere kwa sababu ni Alhamisi, ndo desturi ya huku, na jioni nyumbani tena supu ya njegere kwa sababu ni Alhamisi. Saa kumi na moja mjomba akaingia na keki.

"Kaka, umenyoa!" mama akasema. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimefufuka mimi." Akaiweka keki mezani. "Jumatatu naanza kazi."

Mama alimrukia shingoni, mwiko bado uko mkononi, njegere zikamdondokea mjomba kwenye koti. "Na uzee huo wamekuchukua? Hawana macho?"

"Uzee wangu bado unafanya kazi, dada. Waliniuliza, tangu kampuni ifungwe umefanya nini? Nikawaonyesha kazi. Mpya kabisa. Wakasema tunasubiri ipokelewe. Leo asubuhi imepokelewa, saa nne wamenipigia."

Alikuwa anakata keki. Hakuniangalia.

"Kazi gani?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka ndogo mpaka mama akasema, "Eh?"

"Kazi gani, mjomba?"

"Si kile kibao. Tulichokuwa tunahangaika nacho."

"Mstari wa kwanza uko wapi?"

"Mstari gani tena?" mama akauliza.

"Ah, hizi programu za barua," mjomba akasema, "unajua zinavyokatakata mambo..."

"Hazikati."

"Saimi," mama akasema.

"Hazikati, mama. Mstari umefutwa na mtu. Na maelezo ya roshani yamefutwa."

Mjomba akaweka kisu chini. Masikio yake yalikuwa mekundu. Nimemjua maisha yangu yote na sijawahi kumwona anaona haya, hayo ni mambo yangu mimi.

"Mpwa wangu, nisikilize. Nina miaka hamsini na nne. Nimetuma maombi ya kazi mia moja na kumi. Mia moja na kumi! Wengine hata kuniambia hapana hawakuniambia. Walipouliza umefanya nini, nilikuwa sina hata mstari mmoja. Wewe una kumi na saba. Utaandika vingine mia."

"Basi mwandikie Maureen. Sentensi moja tu kwenye orodha, hata jina lisipobadilika niwe na cha kuonyesha. Fomu yangu inafungwa kesho."

"Nikiandika leo, Jumatatu sina kazi."

"Lakini ni changu."

Aliyejibu ni mama. "Saimi, kula keki. Usimharibie mjomba wako siku yake. Kikiwa chake, kikiwa chako, si cha nyumba moja?"

Nikaiangalia keki. Ilikuwa ya stroberi za friji.

Simu ya mjomba ikalia. Ile sauti naijua, ni ya orodha, na yangu ikatetemeka mfukoni sekunde ile ile. Sote wawili tukasoma. Mtu wa Edmonton, Darcy Wowk, alikuwa ameandika: "Veijo, kwa nini mia na themanini? Kwangu mia inatosha. Hii inachelewesha kuwaka bure. Ulipimaje?"

Mjomba alisoma mara mbili, niliona macho yake yanarudi juu. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeomba chumvi, "Saimi, hivi ile mia na themanini hasa ilitokana na nini?"

"Si umeandika wewe?"

Mama akaacha kutabasamu. Alimwangalia kaka yake, halafu mimi, halafu tena kaka yake. Nikajua ameelewa. Nikafikiri, haya, sasa atasema.

Akamkatia kipande cha pili.

Mjomba alikula chote. Wakati anavaa viatu alisimama mlangoni kama anataka kuniambia kitu, halafu akasema tu utelezi umepungua sana nje, na akaondoka.

Usiku ule sikutuma fomu. Nilijiambia labda atafikiria, asubuhi ataandika. Nilikuwa na yale mapimo thelathini kwenye daftari, yamepangwa, kila moja na digrii yake. Kusema kweli angeniomba vizuri mara moja tu zaidi, hata bila kurudisha jina langu, ningempa. Hilo ndo linaniuma mpaka leo, kwamba ningempa.

Hakuomba. Ijumaa, katikati ya kipindi cha Kiswidi, jibu lake likaingia kwenye orodha, na watu elfu nne wakalisoma pamoja na mimi: "Mia na themanini ilikuwa tahadhari tu. Mia inatosha. Nitarekebisha."

Tahadhari tu. Nilivaa koti nene la theluji ndani ya nyumba. Vidole viliniuma mpaka nikashindwa kushika kalamu, na kwenye mapimo yale mara kumi na tisa kati ya thelathini ilivuka mia. Hajui. Hajui na anabadilisha. Januari ijayo mtu ataamka hapa mjini, atakiambia kibao kiwashe joto, kibao hakitasikia, na mabomba ya maji kule msituni yatapasuka, na juu ya faili kutakuwa na jina la mjomba wangu.

Nikanyanyua mkono. Mwalimu akashtuka, akadhani nina jibu. Nikaomba kutoka.

Nilikaa chini ya ngazi karibu na makabati, kompyuta kwenye magoti. Mara ya kwanza niliandika aya sita, zote juu ya mjomba. Nikafuta. Niliandika kwamba yeye ni mtu mzuri. Nikafuta hiyo pia. Kilichobaki ni hiki:

"Habari. Naitwa Saimi Kropsu, nina miaka kumi na saba, nasoma Oulu. Kiraka hiki nilikiandika mimi, Veijo alinisaidia kukituma. Mia na themanini si tahadhari. Nilipima mwenyewe kwenye baridi, mapimo thelathini yako hapa chini. Mia haitoshi. Tafadhali msibadilishe. Veijo, naomba uwathibitishie."

Nikaweka jedwali. Kwenye sehemu ya anwani nikaweka orodha nzima, na Maureen, na mjomba. Niliogopa mpaka meno yakagongana, na chini ya zile ngazi hakuna hata baridi. Saa tano na dakika ishirini nikabonyeza tuma.

Halafu nikafungua fomu. Kwenye kile kisanduku sikuweka kiraka, maana wangekifungua wakute jina la mwanamume, wangeniona mwongo. Niliweka kiungo cha barua yangu. Kazi iliyokubaliwa na wengine, wamesema. Chini ya barua kulikuwa hakuna wengine. Nikasubiri. Saa sita kasoro dakika nne nikaituma hivyo hivyo.

Ottawa kulikuwa hakujakucha, Maureen nikamsamehe. Edmonton walikuwa wamelala, yule Darcy naye nikamsamehe. Mjomba anakaa mitaa mitatu kutoka shuleni, na simu yake inalia kila barua ya orodha inapoingia.

Leo Jumapili. Kesho anaanza kazi, mama amempigia pasi shati. Nimefungua orodha mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Kuna barua mpya hamsini juu ya mambo mengine. Chini ya yangu bado hakuna kitu.