Kivuli cha Bibi Pelagia

Alhamisi moja ya mwaka 1998, Bibi Pelagia alikuwa anapepeta maharage uani kwake Kasulu, mgeni aliyempangisha chumba alipotoka na karatasi mkononi. Karatasi hiyo, aliyopewa kwao Ulaya, ilimwonya: usitembee peke yako, usioneshe saa, njia ya Kibondo ina majambazi. Na kesho yake alitaka kwenda Kibondo. Fedha alishazificha ndani ya soksi, akawa anachechemea.

"Mjukuu wangu, kwa mwendo huo hata kuku atajua pesa ziko wapi," Bibi alimwambia. "Chukua kivuli changu. Mgeni hasindikizwi na karatasi."

Kumsindikiza mgeni ni lazima, na magoti ya Bibi hayakutaka tena safari. Akasimama juani, akakibandua kivuli kuanzia visiginoni, akamshikiza mgeni miguuni.

Mgeni akaenda na vivuli viwili, kimoja chake, kingine kifupi, kimejifunga kanga. Stendi wachuuzi walikiamkia kile kifupi. Kwenye kizuizi askari aliinua mti bila kuuliza neno. Jumapili kivuli kikarudi na basi, kimejaa vumbi, salama.

Jumatatu akaja Vestina, mkimbizi wa kambi ya Mtabila aliyekuwa akimfulia Bibi. Alisema binti yake Esteri yuko Kibondo, uchungu wa mimba ya kwanza umemshika, hana wa kumshika mgongo. Hajamaliza kusema, Bibi alishambandikia kivuli.

Vestina alirudi jua halijatua.

"Askari kavihesabu, Bibi. Kasema vivuli viwili, vibali viwili vya kutoka kambini. Nami sina hata kimoja."

"Na Esteri?"

"Atashikwa mgongo na watu baki."

Bibi alikichukua kivuli chake, akakikung'uta, akakivaa. Akamsogezea Vestina sahani ya maharage.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina mlango. Wa mbali akikohoa tu unafunguka, jirani anagonga mpaka vidole vinaota sugu."

Vestina hakuwahi kushindwa kitendawili katika ua ule. Jibu alilijua, ila hakutaka kulitia mdomoni pamoja na chakula.

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Nipe."

"Kibondo."

Bibi alitikisa kichwa taratibu. "Huo wenyewe hujaupata, mwanangu. Utanipaje?"

Vestina akafikiri kidogo, akampa Mtabila. Bibi akaupokea kwa mikono miwili, maana ndio mji pekee aliokuwa nao mwenzake.