Jiwe la Mke wa Fundi

Mke wa mchonga mawe ya makaburi alikuwa na ombi moja tu kabla ya kukata roho: jina lake lichongwe kwa mkono wa mumewe, si kwa mashine.

"Si wewe uliyenisumbua ninunue mashine?" fundi alimtania, huku akimfuta jasho kitandani.

"Ya wateja hiyo. Mimi mteja wako?"

Akamwahidi. Wiki haikuisha, akamzika.

Ni kweli, mashine aliitaka mkewe. Fundi wa jirani alipoanza kuweka hadi sura za marehemu kwenye mawe, wafiwa wote walihamia kwake, lakini hilo halikumtikisa fundi wetu, mbishi wa kuzaliwa. Kilichomlainisha ni kikohozi. Vumbi la mawe lilikuwa linammaliza, na mkewe alimwambia waziwazi kwamba hataki kuzeeka peke yake. Akakubali shingo upande. Kompyuta ya kwanza ya kuiongoza mashine ilikuwa na kisogo kikubwa, ikamla nusu ya karakana. Iliyofuata ikawa nyembamba. Ya mwisho ilikuwa simu tu, anagusa kioo na sindano inachonga jiwe yenyewe. Kikohozi kikapoa. Jioni akawa anarudi mapema, wanakula pamoja wakitaniana uzee. Wanaosema watu hukimbilia vitu vipya kwa tamaa hawakuiona meza ile.

Sasa akaitoa tindo yake, akapiga moyo konde. Herufi ya kwanza ikaenda kombo. Jiwe la pili likapasuka. La tatu aliliinamia akalia kama mtoto. Mkono ulikuwa umesahau kazi, na miaka yote hiyo haukumwambia.

Ndugu walikwisha alikwa kuja kusimamisha jiwe, wengine wako njiani. Akaiwasha mashine. Humo mlikuwa na mwandiko wake mwenyewe: muuzaji wa mashine alikuwa ameyapiga picha mawe yake ya zamani, akailisha kompyuta herufi zote, hata ule mkia wa madaha aliokuwa akiutia enzi za ujana. Kikombe chake cha chai hakijapoa, jina la mkewe likawa tayari, zuri kuliko lolote alilowahi kuchonga. Fundi akaliangalia, akaona wivu.

Makaburini, binti yao alipitisha kidole juu ya herufi, machozi yakimtiririka.

"Baba, niliogopa utashindwa. Mama alisema hakuna wa kuliandika jina lake kama wewe. Huu ni mkono wako mtupu."

Ndugu wakaitikia. Shangazi mtu akaushika ule mkono, akaubusu mbele ya watu.

Fundi alitamani ardhi immeze. Akafungua mdomo aseme kweli, akamwona binti yake akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Nimechonga mwenyewe."