Dawa ya Mke Mwenza

Kifuniko cha chungu kilianza kugongagonga kabla ya adhana ya alfajiri, na Bi Mahfoudha akapunguza moto. Mizizi ya Kichina ilikuwa ikitokota, na harufu ya udongo uliorowa na magome ya miti ilijaa jiko zima.

Vifurushi kumi na viwili aliletewa na mwanawe, Ishak, kutoka kwa bibi mmoja wa Kichina anayetibu Maskati. Si vyake. Ni vya Bi Kaltham, mke mwenzake, ambaye misuli ilikuwa imemlegea hata kitana hakikufika tena kichwani.

"Vidonge vya hospitali asiache," Ishak alisema. "Lakini hii nayo tuijaribu. Mama, hana mtoto wa kumchemshia, na chungu hawezi kukiinua."

Marehemu mume wao, Suud, aliwaacha wote wawili hapo mjini Ibra, nyumba mbili mtaa mmoja, na miaka ishirini na mitatu ya kutokanyagiana kizingiti.

Siku ya kwanza, Bi Kaltham alikitazama kikombe, kisha akamtazama aliyekileta.

"Anza wewe."

"Mimi siumwi."

"Na mimi sijachoka kuishi."

Bi Mahfoudha akapiga funda. Uchungu ukampanda hadi masikioni. "Haya. Nikifa, utanikosha kwa mikono gani?"

Mgonjwa akacheka kidogo, bila kutaka, kisha akafumbua mdomo, akanyweshwa.

Ikawa ndiyo ada yao kila alfajiri baada ya sala: funda la mzima, kisha kikombe cha mgonjwa. Maneno yalikuwa machache.

Siku ya saba, Bi Mahfoudha alikuta mto umeegemezwa ukutani, pale alipozoea kukaa. Jirani anayemsaidia mgonjwa alikuwa hajafika. Kwenye zulia, toka kitandani hadi ukutani, manyoya yalikuwa yamelala upande mmoja, alama ya kitu kilichoburutwa. Kwa viwiko? Kwa meno? Hakuuliza. Aliuegemea mto ule polepole, kama mtu anayeogopa kuuumiza. Miaka yote alikuwa akidhani nyumba hii imejaa furaha iliyoporwa nyumbani kwake. Sasa aliona kitanda kimoja, dirisha moja, na mwanamke aliyekuwa akisikiliza mlango.

Akakinyanyua kikombe aonje.

"Usionje," Bi Kaltham alisema. "Nipe."

"Huogopi?"

"Naogopa. Nipe."

Siku ya kumi na mbili mkono wa Bi Kaltham ulipanda hadi shavuni, ukatetemeka, ukarudi mapajani. Kama ni mizizi, au vidonge, au siku njema tu, hakuna aliyejua. Bi Mahfoudha alimfuta midomo kwa ncha ya mtandio wake.

"Hiki ndicho cha mwisho. Ishak atamuuliza yule bibi kama kuna haja ya vingine."

Bi Kaltham alikitazama kikombe kitupu.

"Kesho utakuja saa ngapi?"

"Dawa imekwisha, nimekwambia."

"Nimesikia. Sikuulizia dawa." Akageuza uso dirishani. "Njoo, Mahfoudha. Nitakuwa macho."